Talaka ya Ng'ambo Yafika Voi

Leicester, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na baridi ya Mghange? Mimi ni mzima, kazi ya kutunza wazee bado ninayo.

Baba, nimekwama. Mahakama ya huku ilinipa talaka mwaka jana, nawe unajua. Mimi na Stephen, yule mwalimu wa Makwasinyi, tunataka kuoana nyumbani Desemba. Msajili wa ndoa amekataa. Kwake mimi bado ni mke wa Festus mpaka mahakama ya Voi iitambue talaka ya huku. Wakili anasema itatambuliwa iwapo nilikuwa nikiishi huku miaka miwili kabla ya kufungua kesi. Nimeishi sita. Lakini Festus ameapa kwamba makao yangu ni kwake Voi, huku ninakuja kutembea tu.

Wewe unajua ukweli. Naomba ushuke Voi ukauseme.

Ruhusa ya kuishi simwombi Festus tena. Nilimwomba sana nikiwa nyumbani kwake, akanivunja mkono.

Binti yako,
Lois

Mghange, 3 Machi 2024

Mwanangu Lois,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua kinaenda na kurudi. Shamba tumelima, tunangoja mvua.

Nakuandikia kwa sababu mambo haya si ya simu, majirani hapa wana masikio. Siwezi kwenda mahakamani. Wazee wa akina Festus walikuja wanne, na kwa kuwa wanajua mimi mtu wa kanisa sinywi pombe ya mbangara, walileta kreti ya soda. Nilidhani wamekuja kunipa pole ya marehemu mama yako. Mgeni akikupa kinywaji humwachii mkononi, nikanywa. Chupa ilipokwisha mkubwa wao akasema, "Mwandawiro umekunywa, basi neno limekwisha. Lois ni wetu."

Mila unaijua. Baba akinywa cha wakwe, amekubali binti arudi. Sasa nikasimame mbele ya watu niseme kinyume, mimi mzee wa kanisa? Tena ndoa yenu ilifungwa hapa madhabahuni. Karatasi ya Uingereza itaivunjaje?

Vumilia, mwanangu. Mume ni kumzoea.

Baba yako

Leicester, 29 Machi 2024

Baba,

Nakusalimu. Mwili ni mzima.

Soda ilipita kooni mwako, haikupita kwangu. Wazee wanne washibe gesi halafu mimi nirudi nikapigwe? Hiyo mila imeniuma, na wewe umeniuma zaidi.

Sirudi. Hata mahakama ya Voi ikisema talaka yangu haina maana, sirudi. Kesi ni tarehe 17 Juni. Kazini hawakunipa ruhusa, kwa hiyo wakili atasoma kiapo changu. Ukija, uje. Usipokuja nitajitetea mwenyewe, nimezoea. Ila neno hilo "vumilia" usiniandikie tena.

Bintiyo bado,
Lois

Mghange, 7 Julai 2024

Lois mwanangu,

Hujambo? Huku ni ukungu mtupu lakini tu wazima, kifua nacho kimenyamaza. Nilikukalia kimya miezi mitatu, nisamehe. Wakili ameshakupigia kwamba talaka yako imetambuliwa. Mimi nakupa yale ambayo hakukuambia.

Mwezi wa tano Festus alikuja hapa, akaketi, akataka nikuandikie urudi, yeye amebadilika. Nikamwuliza, "Mkono wa Lois uliouvunja ulikuwa upi?" Akafikiri. Akasema wa kulia. Mwanangu, ni mimi niliyekushika hospitalini wakikufunga plasta, na mkono ulikuwa wa kushoto. Nilimwonyesha mlango. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na hasira nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe.

Basi tarehe kumi na saba nikashuka Voi. Niliapa, nikaeleza ulivyoondoka na unavyoishi. Wakili wa Festus akaniuliza, kwa sauti ya kunisukuma, kama ni kweli nilikunywa soda ya wakwe. Nikamwambia nilikunywa, tena ilikuwa baridi, na wakiitaka nitawanunulia nyingine. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzee, sisi tunataka jambo moja. Mume wa Lois ni nani?"

Nikamwambia, "Hana. Ana baba, na ndiye huyu."

Hakimu akaniambia nikae. Wale wazee wanne walitoka bila kuniaga, na mpaka leo tukikutana sokoni wanaangalia ndizi.

Jumapili kanisani wakaniomba nipumzike uzee wa kanisa kwa muda, eti nimesaidia kuvunja ndoa takatifu. Nikawauliza walikuwa wapi siku ilipovunjika. Nimehamia benchi la nyuma na ninaimba kama kawaida.

Mtu akaniambia huyo Stephen akuoe kimyakimya huko Makwasinyi, tusizidi kuwaudhi watu. Nimekataa. Desemba utaolewa hapa kwangu, mchana, na mlango wa ua utakuwa wazi kwa anayetaka kuja kuangalia.

Baba yako