Mama Hashuki Tena

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mimi sijambo, ila meno yanagongana. Huku milimani saa sita mchana watu wamevaa makoti!

Mama nimemwona. Yule aliyekuwa akijipepea kwa kifuniko cha sufuria hapo kwako, aliyezimia kwa joto ukalia barabarani, nimemkuta anapanda kilima na ndoo ya maji, mimi nyuma naita anisubiri. Alinicheka, akasema nimezeeka kabla yake.

Amepanga chumba kwa mjane mmoja. Wana wa mjane wameshuka mjini kwetu kutafuta mshahara, vyumba vikabaki vitupu, naye amevijaza wazee waliokimbia joto. Vijana na wazee wanapishana njiani, dada, kila mtu na lake. Mama anafuma masweta ya shule. Kule kwetu nani angenunua sweta? Alianza na sindano mbili za mkono. Sasa walimu wanamfuata mlangoni, na wenye haraka anawagombeza. Mama yetu, na umri ule, ana wateja wa kugombeza! Nilimtazama kwa fahari mpaka machozi yakanilengalenga.

Najua hofu yako ni nani atamwuguza huku. Nilimwuliza. Akasema kwako alikuwa na wauguzi wazuri sana, huku amekosa tu ugonjwa wa kuwapa.

Ningebaki naye, lakini fundi friji atakula nini hapa? Mjane friji yake anawekea vyombo. Joto lile lile linalomkaba mama ndilo linalonilisha mimi. Jumamosi narudi, na narudi peke yangu.

Sasa usinichape. Mashine ya mama ya kufumia usiitafute stoo kwako. Lile boksi nililobeba siku ya safari, nikakwambia ni vifaa vyangu vya kazi, ndiyo hiyo. Ulinituma nimrudishe mama, nami nilitoka mlangoni kwako nikijua simrudishi. Nisamehe kwa uongo. Kwa mashine siombi radhi.

Amekufumia sweta jekundu lenye vifungo. Nilimwomba nikuletee, akakataa katakata, akalitundika msumarini juu ya kitanda chake. Anasema kwa joto la huko utalivaa saa ngapi? Ulifuate mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani, waambie wapwa bibi yao mzima.

Mdogo wako,
Fundi Barafu