Waya Uliokula Sauti Yangu

Ipagala, Dodoma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake; magoti yanaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Mimi mzima, ila jana nimegundua jambo. Nimeandika barua maana kwenye simu ningekata kabla ya kumaliza.

Unakumbuka ulivyolalamika kwamba kila Jumamosi unaniita redioni, mimi nakusikia, lakini nikijibu wewe unapata mvumo tu? Nikakwambia mitambo yangu iko sawa, masikio yako ndiyo yamezeeka. Baadaye Mama akanieleza umeifunika redio kwa kitenge na hukai tena pale. Nilicheka, Baba. Mungu anisamehe.

Jana alikuja Bi Rehema, mhandisi anayefundisha chuoni Chimwaga, naye ni mtu wa redio za ridhaa, za kuzungumza kwa mbali, kama sisi. Nikamwonyesha kwa majivuno mita yangu iliyo kando ya redio: nguvu inakwenda kwenye antena, hairudi hata chembe, maana yake hakuna hitilafu. Hakunisifu. Alipanda mlingoti, akaufungua waya utokao redioni pale unapoungana na antena, akaufunga kwenye kifaa cha kumeza nguvu badala ya antena, akapima kule kule juu. Kutoka redioni ziliingia wati mia. Juu zilifika kumi na mbili. Nikamwomba arudie. Kumi na mbili tena.

“Hairudi kwa sababu waya unaila,” aliniambia. “Ikienda unaila, ikirudi unaila. Wewe ulipima mlangoni tu.” Sauti yako redio yangu iliikuza nikakusikia; yangu ilikufikia ndogo, ikazama kwenye mvumo.

Tulipouchana, maji yakadondoka na shaba ya ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kiungo cha juu sikukiziba, nikijiambia Dodoma mvua ni za kuhesabu. Wewe ulinifundisha kuziba kila kiungo, popote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu nimekuvunja wewe. Nilikaa chini vumbini, Bi Rehema akadhani naumwa.

Waya mpya nimeufunga leo, nikapima chini na juu. Karibu nguvu yote inafika.

Nisalimie Shangazi Atupele, mwambie maharage yake yalifika salama. Na mdogo wangu Ambakisye aache cherehani kidogo, akusaidie kuiwasha redio Jumamosi saa tisa alasiri. Nitakuita. Kama bado una hasira, usiitike, kaa tu usikilize. Masikio yako ni mazima, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa sifiki.

Mwanao,
Gwakisa