Kwanza Omba Radhi

Semarang, 4 Machi

Mdogo wangu Wigati,

Hujambo? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hiyo ya Wonosobo? Sisi huku wazima.

Nakuandikia kama dada, si kama mkaguzi. Juzi, katika jaribio letu la dharura hospitalini kwenu, nyinyi wauguzi mlipomhudumia mwanasesere wangu wa kuigiza mtoto mwenye degedege, Daktari Wiranegara aliagiza dawa mara kumi ya kipimo cha mtoto, nawe ukamkatiza mbele ya watu: “Daktari, hiyo itamuua.” Ulisema kweli. Lakini sisi Wajava hatumwaibishi mkubwa hadharani. Ungeomba radhi kwanza, kisha ukauliza kwa upole. Nimewapunguzia alama za ushirikiano. Nenda kamwombe msamaha.

Dada yako,
Palupi

Wonosobo, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama bado anakohoa, ila anakula.

Nilimpelekea Daktari tempe, ile soya iliyochachushwa, ya kukaanga, nikainamisha kichwa, nikaomba msamaha. Alicheka, akawaambia wenzangu kwamba mwanasesere kapata wakili. Sasa wodi nzima inaniita Wakili. Inaniuma, Dada. Ulijua nasema kweli, ukaniadhibu. Haya, nitajifunza huo upole.

Mdogo wako,
Wigati

Semarang, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mbona barua zangu hujibu?

Katika jaribio la wiki iliyopita mmefanya vizuri kuliko timu zote nilizokagua. Ulivyomwomba Daktari radhi kabla ya kumsahihisha, nilijivunia mbele ya wakubwa wangu. Lakini uliondoka bila kuniaga. Bado umeninunia?

Dada yako,
Palupi

Wonosobo, 21 Septemba

Palupi,

Mama hajambo. Mimi nahema tu.

Wiki hii aliletwa Galih, mtoto wa miaka miwili, ana degedege. Daktari akaagiza kipimo kilekile cha siku ile ya Machi. Nilikiona. Nikaanza ulivyonifundisha: samahani Daktari, kama sikosei, pengine tungetazama tena. Sijamaliza kuomba radhi, mwenzangu alikwisha kumdunga dawa yote. Mtoto akaacha kupumua. Tulimpulizia hewa kwa mfuko wa kubonyeza mpaka mikono ikafa ganzi. Hakurudi.

Mwanasesere wako ulimpangusa ukamrudisha sandukuni. Galih wamemzika.

Nimeacha kazi. Daktari namchukia, ila wewe ndiye uliyeniuma zaidi, kwa sababu ulijua. Mama yake Galih alinishika mkono akanishukuru kwa adabu yangu. Kesho nakwenda kwake nimweleze nilichokuwa nikisema wakati mwanawe akidungwa.

Wigati