Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

La Paz, Oktoba 1979

Kwa dada yangu mpendwa Saturnina,

Salamu nyingi, pamoja na kukujulia hali wewe, shemeji na watoto. Baba magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili mzima, kazini hapajambo, ila moyo haujatulia. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Pasaka niliondoka na vile vyombo vya ile ndege ya abiria: sinia, blanketi, vijiko vyenye nembo ya tai kondori na kile kikombe. Nilikuambia nakwenda kuvisafisha. Uongo. Wastaafu wa lile shirika la ndege la zamani walikuwa wakiandaa maonyesho ya kumbukumbu zake, nami nilikwisha kuwatambia wenzangu ofisini kwamba baba alikuwa mpakia mizigo wao pale Oruro. Huku mjini, dada, binti wa mfuga lama hana wa kumsikiliza.

Siku ya ufunguzi nilivaa koti jipya, nikasimama kwa maringo nyuma ya meza yangu. Akaja mama mmoja mzee, doña Genoveva, mjane wa mhudumu wa ile ndege iliyoanguka mlimani kwetu. Akakigeuza kikombe, akaona lile doa jekundu kitakoni, akalipapasa kwa kidole. Kumbe ni rangi yake ya kucha. Aliipaka mwenyewe ili wenzake kazini wasimchukulie mumewe kikombe. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki mmekipata wapi?"

Pale pale ningeweza kusema kweli. Badala yake mdomo ukanitangulia, nikasema marehemu alimpa baba siku moja kabla ya safari, kwa urafiki tu. Akataka kujua kama mumewe alikuwa akimtaja. Nikajibu hakuwa na habari nyingine, kutwa Genoveva, Genoveva, mpaka wapakiaji wakamchoka. Yule mama akacheka huku analia. "Mjinga yule! Nyumbani hata neno tamu hakuniambia!" Akanibusu mikono yote miwili. Dada, nilitamani ardhi inimeze.

Sasa anakuja. Atafika kwenu Siku ya Watakatifu Wote na mikate ya marehemu ya kumwekea mumewe mezani, amsikie baba kwa masikio yake. Nilimwambia baba mgonjwa. "Basi niwahi," akasema. Wala hakuniuliza ilikuwaje mpakia mizigo wa Oruro akaishi chini ya mlima ule ule. Sijui kama amekwisha kuhisi.

Na kuna jambo nililokuficha hata wewe. Sote tunajua siku ndege ilipoanguka baba alipanda mlimani na gunia, akashuka limejaa kabla askari hawajafika. Lakini siku ya maziko ya mama, akiwa amelewa chicha, aliniambia kikombe hakukiokota. Alikitoa mkononi mwa mtu, akafungua kidole kimoja kimoja. Sikuthubutu kumuuliza zaidi. Nimeona haya tangu siku ile, na bado nikakiweka mezani nijisifie.

Mwambie baba nimemtia kwenye uongo wangu na ninaomba radhi. Nitapanda basi moja na huyo mama, nimwambie ukweli mwenyewe. Lakini muulize baba kwanza, wewe ndiye unayemweza: vidole vile vilikuwa vimekwisha kupoa, au vilikuwa bado vinang'ang'ania?

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji umfikishie heshima zangu. Barua hii usimsomee mtu.

Mdogo wako, asiye na uso wa kukutazama,
Hortensia