Mjomba, Usimkubalie Bundi Mwaka Huu

S.L.P. 87,
Timau.
11 Oktoba, 1998.

Mpendwa Mjomba Mutugi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, nimezifunga vizuri zisifike Kericho zimeganda. Natumaini wewe, anti Karwirwa na watoto mko salama, na lile goti lako la kushoto limekubali kupanda ngazi za ofisi bila kulalamika. Mimi sijambo, nimechoka tu. Kikohozi kilinijia mwezi wa nane, kikanizunguka, kikaona hakuna nyama ya kula, kikaenda zake.

Najua unashangaa, Kirimi aandike barua bila kuomba kitu! Tulia, Mjomba, kuomba kupo, lakini kuko mbele. Kwanza nikupe habari.

Bado niko kwenye shamba la maua. Tunaingia kazini ukungu ukiwa bado umelala juu ya ngano za jirani, na vidole vinakataa kushika mkasi mpaka saa tatu. Nakata waridi. Lazima tuyakate kabla hayajafunguka, maana supavaiza anasema likishachanua halina bei. Mimi huyu, niliyefanya uwanja mzima wa Nkubu usimame, sasa kinachosimama mbele yangu ni miiba. Jioni nikivua gambuti naangalia miguu yangu na kuiambia pole. Siyo uchovu wa kulala ukaisha. Naamka nao, tunakunywa chai pamoja.

Lakini siko peke yangu. Mbogo, anayenyunyiza dawa, zamani alikuwa anarusha mkuki mpaka waamuzi wanahama. Elphas wa stoo alikuwa golikipa. Siku moja alidaka penalti tatu, akaambiwa ataitwa Nairobi, akangoja, akangoja, mwisho akaitwa na njaa. Tukipanga mstari wa chai ya saa nne, mgeni angedhani ni timu ya taifa imepotea njia. Kila mtu ana hadithi ya aliyemharibia. Yangu unaijua, ati Waembu walinitilia kitu kwenye uji. Nimeisimulia miaka mitano, imekolea utamu mpaka juzi nilijikuta nataja rangi ya kikombe.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Ni mdogo wangu Bundi.

Huyu kitinda mimba wenu ana miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, na anakimbia kuliko mimi. Hilo nimeliandika mara moja tu, ukitaka kulisikia tena nunua redio. Mwezi wa saba alifika mashindano ya mkoa kule Embu, mita elfu tano, miguu mitupu, akawa wa tatu kati ya vijana wa darasa la nane wenye ndevu za kuchipuka. Mwalimu Njeru, yule yule aliyenifundisha mimi, aliangalia saa yake, akaiangalia tena, kisha akaitia mfukoni haraka kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Kuna shule moja ya sekondari upande ule imemwambia, mlete tena mwaka kesho, akishinda tutampa kitanda na dawati, karo asiulize. Na mwaka kesho Mwalimu Njeru anastaafu. Bundi ndiye wa mwisho wake.

Shida ni kwamba Bundi anataka kuingia jandoni Desemba hii. Hataki kungoja amalize darasa la nane kama wengine. Baba ameshakubali, tena anatembea kijijini kifua mbele. Na wewe unajua kwetu Igoji kulivyo: aliyetoka jandoni hali na watoto, hachezi nao, hawaonyeshi mapaja yake. Wako wanaoweza kurudi shuleni wakavaa kaptura, wakakimbia, wakitaniwa wanacheka. Bundi hawezi. Ni ndugu yangu, namjua.

Baba atakuandikia mwezi huu, kwa sababu bila neno la kaka yake mama hakuna mtoto atakayeguswa. Mama naye atakutumia njahi, yale maharagwe meusi unayoyapenda, nimeziona zikichaguliwa moja moja. Mjomba, njahi kula. Ruhusa usitoe. Sema mwaka kesho, Desemba, siku hiyo nitakuja mimi mwenyewe kumsimamia. Mwaka mmoja tu.

Utaniuliza nani alimtia haraka. Ni mimi.

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani kwa likizo, na unajua mdomo wangu ukikosa kazi. Chakula kikiletwa nilikuwa namwambia, “Beba sahani yako ukakae na Mama jikoni, mwiji wewe, hapa ni meza ya wanaume.” Meza yenyewe ya wanaume ilikuwa mimi, Baba na paka. Nilimfanya mwiji, mtoto ambaye hajatahiriwa, kila saa, mbele ya watu, mpaka hata paka akazoea. Nilimtuma maji, nikamtuma viatu. Siku alipotoa kwenye sanduku la Mama ule utepe wake wa ushindi wa Embu ili anionyeshe, nilimwambia, “Umeshinda watoto wenzako. Hongera, mama.” Nikacheka sana. Yeye aliukunja ule utepe vizuri, akaurudisha. Kesho yake akaenda kwa Baba kuomba Desemba.

Mimi sikujua. Nilijua mwezi uliopita, Mwalimu Njeru aliponitumia ujumbe na dereva wa kabeji: njoo uzungumze na mdogo wako, mimi hanisikii. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda. Nilimkuta Bundi anakata majani ya ng'ombe.

“Ngoja mwaka mmoja,” nikamwambia.

“Wewe ulingoja?”

“Sikungoja. Ndiyo maana nakata maua.”

“Si ulisema ni uji?”

“Nilidanganya. Haikuwa uji. Ilikuwa suruali.”

Mjomba, alicheka mpaka panga likamtoka mkononi. “Kirimi! Wewe kila siku una mpya. Kesho utasema ni kofia.” Na nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kucheka. Mwisho akanipiga begani, akasema, “Tukiwa sawa Desemba utanisimulia vizuri, mwanaume kwa mwanaume,” akabeba majani yake akaenda. Nimekaa na mdomo huu miaka ishirini, na siku ile moja niliyotaka unisaidie, haukuwa na mtu wa kuuamini.

Hata wewe hujawahi kuusikia ukweli, kwa hivyo kaa chini.

Mwaka wa tisini na mbili, mkoani Embu, nilimshinda kijana mmoja mdogo anayeitwa Ndwiga, wa Kanja, karibu nusu raundi. Desemba ile nikatahiriwa, mwaka mmoja kabla ya wakati wangu. Mwezi wa saba wa tisini na tatu tukarudi uwanja ule ule. Wenzangu saba wa jando walikuwa wametoka Igoji kuja kunishangilia. Wakasimama kwenye uzio, na mimi niko kwenye mstari na kaptura yangu, kushoto mtoto, kulia mtoto. Mmoja wao akapiga kelele, “Sasa hapo mwanaume ni yupi?” Walikuwa wanatania tu. Nikaangalia miguu yangu. Nikatoka kwenye mstari, nikaenda kwenye mfuko wangu, nikavaa ile suruali ya kijivu ambayo Baba alinishonea, nzito, ya kuendea kanisani.

Mwalimu Njeru alinishika mkono. “Kirimi, vua hiyo kitu. Ni dakika kumi na saba tu.”

“Mwalimu, mimi si mtoto.”

Nikakimbia hivyo. Raundi tatu niliongoza, na wenzangu wakaimba. Raundi ya tano jasho likaishika suruali, ikanata kwenye magoti, kila hatua ni kama nakokota mtu. Raundi ya tisa Ndwiga akanipita. Hakuniangalia hata. Ningeweza kuikunja, ningeweza kuivua kabisa, kaptura nilikuwa nayo ndani. Niliona uzio, nikaona wale saba, nikaiacha. Nikamaliza wa nane. Ile nafasi ya sekondari niliyoahidiwa mimi alipewa Ndwiga. Mimi nikaenda shule ya kutwa, nikatoka kidato cha pili, hayo mengine unayajua.

Nyumbani nilisema ni uji. Mama mpaka leo akipita Embu hanywi hata maji. Mwalimu Njeru alisikia ile hadithi yangu mara ngapi, na hakuwahi kunikatiza.

Mwezi wa nne mwaka huu tulikuwa kantini, redio ikataja mbio za Nairobi: wa nne, Ndwiga, wa timu ya jeshi. Watu waliendelea kukoroga chai. Nikasema, “Huyo mimi nilimshinda.” Elphas hata hakuinua kichwa. “Kirimi,” akasema, “sisi wote hapa tulimshinda mtu.”

Sasa hapa ndipo kuomba kwangu kulipo.

Mwezi wa kumi na moja wa tisini na mbili, wewe ulikuwa umemkatalia Baba. Ulisema huyu kijana ana haraka ya nini, amalize shule ya msingi kwanza. Ndipo nikakuandikia barua. Naikumbuka yote kwa sababu niliinakili mara mbili ili mwandiko upendeze. Nilisema hivi: “Mjomba, mimi nimekuwa mkubwa kuliko mbio za watoto. Nikitoka jandoni hakuna mtu atakayeona magoti yangu tena. Wao watakimbia, mimi nitatembea na bado nitafika mbele.” Wewe ukacheka, ukakubali. Sikulaumu. Labda kidogo, Jumapili, nikiwa sina kazi.

Krismasi ile mlipokuja, anti alilalamika kwamba hutupi karatasi, kwamba barua zote tangu uanze kazi umezijaza kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Tafadhali lishushe hilo kopo. Itafute ile barua, mtumie Bundi. Usimtumie Baba, ataificha. Mdomo wangu haamini, lakini mwandiko wangu anaujua, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Na aone tarehe hapo juu, miezi minane kabla ya huo uji. Aone kwamba mbio zile nilizimaliza mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kalamu ya wino wa bluu.

Najua akiisoma, Igoji nzima itaijua kabla ya jua kuzama. Wale saba nao watajua. Na mimi kwenye mstari wa chai nitabaki bila hadithi. Basi, wacha nibaki. Hata kuisimulia kumenichosha.

Usidhani kumngojesha ni kitu kidogo. Rafiki zake wa darasa la nane wote wataingia Desemba hii, Januari watakuwa wanampita njiani kama hawamwoni. Ule mwaka utakuwa mrefu kwake. Kwa hivyo nimeomba likizo yangu yote Desemba. Nitakula jikoni na yeye na Mama, na Baba akae mezani na paka. Halafu asubuhi tutakimbia, mimi na yeye, barabarani, mbele ya watu.

Nimenunua kaptura, Mjomba. Ya bluu. Nilipokuwa Makutano Jumamosi, yule mama wa mitumba aliniuliza mtoto wangu ana miaka mingapi, nikamwambia apime kwangu tu, tunalingana. Jana niliivaa nikajaribu kutoka lango la shamba hadi lami. Zamani ningefanya hivyo nikiwa napiga mluzi. Nilifika nusu, nikakaa kwenye jiwe, kifua kinanuka dawa ya maua, na wale akina mama wa kupakia wananicheka miguu, wanasema kumbe Kirimi ana magoti! Hadi darajani sitafika na Bundi, nakwambia mapema. Kanisani labda. Kuanzia hapo ataenda peke yake.

Nisalimie anti Karwirwa, mwambie ule mkeka wake bado naulalia na haujachoka kama mimi. Nisalimie Kagure, aache kumzidi mwalimu wake kiingereza. Makandi mdogo mpe busu, akikataa usimlazimishe. Mama anawasalimu, na huku Mbogo na Elphas wanawasalimu ingawa hamjuani, ni tabia yao.

Mungu akutunzie goti, akupe mvua ya kiasi, na akupe moyo mgumu siku njahi zitakapofika.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata kama utakataa,

Kirimi.

N.B. Kama anti alishawashia jiko ile barua ya zamani, basi mtumie Bundi hii. Sijafuta kitu.