Kwa Somoe, Juu ya Beseni la Mabibo

Mabibo niliwapa mimi. Beseni zima, lile la bluu la kufulia, asubuhi ile kabla hujaamka. Mbuzi wetu Bi Mkubwa na wenzake wawili hawakufa kwa dawa yako ya minyoo, Somoe. Waliuawa na mkono wa mama yako.

Haya, nimesema. Marahaba, mwanangu mpendwa. Najua hujaniamkia, hii ni wiki ya tatu hujaniamkia, lakini naitikia mapema isije ikanipita.

Bahasha hii sikuigundisha. Namkabidhi dereva wa bodaboda anayeshuka Masasi, nimemwambia akitaka kuisoma njiani asome, na akifika Lisekese kwa mama yako mdogo aiweke mezani, kila anayeingia aione. Nakala nyingine naigongomea mlango wa banda la kukamulia. Kwa simu nimeshindwa. Kila nikipiga anapokea mama yako mdogo: "Dada, Somoe yuko bafuni." Jana nikamuuliza, bafuni wiki tatu, mwanangu amegeuka kambale? Akacheka, na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi chako nakijua. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Unakumbuka uliporudi na cheti chako cha mifugo? Nilikitia kwenye mfuko wa plastiki nikakitembeza Makote nzima. Nilikipeleka kisimani, nikawaonyesha hata wasiojua kusoma, nikawaambia tazameni tu huo mhuri. Ulinifuata mbio: "Mama, kitalowa!" Nikakujibu acha kilowe, na wenzako wakione. Mimi darasa la saba langu ni la zamani, lile la kweli, lakini nilijua nimezaa mtu.

Wakati huo sisi wanawake tisa wa kikundi kila mtu alikuwa na mbuzi wake wa maziwa nyumbani, na kila mtu akikamua kwa vita. Mmoja anashika pembe, mwingine anashika mguu, wa tatu anachuchumaa kwenye samadi, na mbuzi akichoka na upuuzi wetu anaweka kwato ndani ya sufuria. Ulisimama ukatuangalia, ukasema, "Mama zangu, hapa hamkamui. Mnakamata mwizi." Ukatuambia tuwalete wote mahali pamoja, tujenge banda la kukamulia, mbuzi apande juu na binadamu akae kama binadamu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu pia, ila lile lilikuwa la kuchekesha. Ulinituma kwa fundi seremala nikaagize jukwaa la mbuzi, lenye mahali pa kubania kichwa. Mimi nikafika nikasema kwa haraka zangu, "Fundi, nitengenezee kiti cha mbuzi, kikubwa, chenye kichwa imara." Siku tuliyokwenda kuchukua, fundi akafunua gunia kwa madaha, na ndani kuna mbuzi ya kukunia nazi! Lakini mbuzi gani, refu kama kitanda cha mtoto, wanawake watatu wangekaa juu yake wakakuna kwa zamu. "Mama Somoe," akasema, "mbuzi hii hata kwenye harusi ya mkuu wa wilaya haipo." Uliinama ukashika magoti, ukacheka hadi machozi. Mimi nikaapa kwamba nimeagiza sawasawa na fundi ndiye kiziwi. Sijawahi kukubali hadi leo. Basi leo nakubali na lile.

Fundi alipotengeneza jukwaa lenyewe ukalisimamia mwenyewe, ubao kwa ubao: mteremko wa kupandia, kibano cha shingo, hori la pumba mbele ili mbuzi awe anakula huku akikamuliwa. Banda la beberu ukalipeleka mbali, upande wa chini ya upepo, kwa sababu ulisema maziwa yanakunywa harufu kuliko sisi tunavyokunywa chai. Ukaleta vitambaa tisa, kila mbuzi na chake, kila kitambaa na msumari wake. Halafu ukataka maji ya uvuguvugu ya kuoshea viwele. Maji! Newala hii, huku juu ambako mtu anayachunga maji ya mvua kisimani kama mahari. Bi Rukia mwenyekiti wetu akaropoka, "Mimi mwenyewe sijaoga tangu juzi, leo nikaoshe chuchu za mbuzi?" Ukamjibu kwa adabu, "Shangazi, wewe hatukunywi." Wanawake wakagaagaa. Tangu siku ile hakuna aliyebisha.

Na mkono wako juu ya mkono wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Usivute, mama. Bana juu kwa kidole gumba, halafu shusha vidole kimoja kimoja, kama unafumba kitu hutaki mtu akione." Mimi niliyekufundisha kushika mwiko, wewe ukanifundisha kushika chuchu ya mbuzi, na hukunicheka hata maziwa yaliponirukia puani. Kwanza ukakamua kidogo kwenye kikombe cheusi, ukakiinamisha juani kutazama kama yana mabonge. Bi Mkubwa amesimama juu kama bibi harusi, anatafuna pumba, hana habari na dunia. Walimu wa shule, wale waliotoka mikoa ya mbali na kudhani huku kuna korosho tu, wakaanza kuja na chupa zao. Waliokuwa wakisema mtoto akinywa maziwa ya mbuzi ataota ndevu, nao wakaleta watoto wao.

Mimi nikavimba kichwa. Nitasema nini, ni kweli. Tulipoambiwa wageni wa kutoka wilayani watakuja kuona banda letu, nilitangaza kwamba Bi Mkubwa akikamuliwa mbele yao ndoo itamwagika. Nilisema kisimani, nikasema njiani, nikasema hata msibani, Somoe, maiti hajatoka ndani.

Wewe ulikuwa umeshatuambia, mikorosho ilipoanza kudondosha: "Mabibo ni pipi. Mbuzi mmoja, mabibo mawili matatu, basi. Yakizidi yanachacha tumboni." Nikakuitikia, "Sawa, Daktari," na moyoni nasema huyu kazaliwa juzi. Mbuzi wetu wa kienyeji nimewaona wakila mabibo tangu mimi sina meno ya mbele, sikuona akifa hata mmoja. Sikufikiri kwamba wale walikuwa wanatembea, wanaokota moja hapa, jingine kule, na majani katikati. Hawa wetu wanaamkia ndani, na njaa yao, na mimi nimewamiminia beseni kwenye hori la ndani. Nilitaka viwele vijae. Bi Mkubwa na wale wawili wenye pupa ndio waliowasukuma wengine wakala karibu yote. Walivyokuwa wanakula! Juisi inachuruzika kidevuni, nami nimesimama nafurahi kama mpumbavu.

Ulipokuja kuwapandisha, Bi Mkubwa akakataa mteremko. Upande wa kushoto ulikuwa umetuna, ukiugonga unalia kama ngoma. Ukaniuliza, "Mama, wamekula nini?" Nikasema, "Majani, kama kila siku." Ukawanywesha mafuta ya kula, ukawatembeza, ukawakanda matumbo. Katikati ya hayo ukatazama hori ukaniuliza tena, polepole: "Nani kaosha hori?" Nikasema, "Mimi. Wageni wanakuja, lazima ling'ae." Ukaniangalia. Mpaka leo sijui kama siku ile ulijua. Kama ulijua na ukaninyamazia mbele za watu, basi mzigo wangu ni mara mbili.

Wageni wakafika wakakuta mizoga. Bi Rukia akakukalia kikao pale pale. "Jana uliwapa dawa ya minyoo. Ulipima kwa nini?" Ukasema umepima kwa bomba, kwa uzito wa kila mmoja. "Uzito uliujuaje, wana kadi za kliniki?" Wakacheka. Halafu wakanigeukia mimi. "Mama Somoe, wewe ndiye unayeishi naye, unasemaje?"

Nikasema, "Vijana wa siku hizi wana haraka."

Maneno sita. Nilikuwa nayo mengine mdomoni, wallahi nilikuwa nayo, yakagoma kutoka. Niliona aibu, mimi niliyetangaza ndoo itamwagika, nisimame niseme nimewaua kwa kupenda sifa. Ulifua vitambaa vyote tisa, ukavianika kila kimoja kwenye msumari wake, ukajaza maji kwenye pipa, ndipo ukachukua begi.

Sasa nisikilize hali yetu. Mbuzi sita waliobaki wananikatalia maziwa. Nafanya kila ulichonifundisha, maji ya uvuguvugu, kidole gumba, kimoja kimoja, na yanatoka matone. Mapozi ndiye mbaya zaidi, kiwele chake upande mmoja kimekuwa kigumu na cha moto. Juzi nilivaa dera lako la kijani uliloliacha kambani. Akanusa mkono wa nguo, akatulia, akapanda mwenyewe. Nikakamua mara tatu, maziwa yakaja mazito yana mabonge, nami kwa woga nikasema, "Pole, mama." Aliposikia sauti akajua ni bandia. Teke lile lilinipata kifuani. Nikakaa chini ya jukwaa na dera lako limelowa, nikalia hadi Bi Rukia akaja kuuliza nani kafa tena.

Wanawake wamechoka. Wanasema kila mtu amchukue wake amrudishe nyumbani kwa kamba, mbao zigawanywe kuni. "Afadhali kila mtu afe na wake," wanasema. Hawakasiriki nami, hata kidogo, na hilo ndilo linanimaliza. Wananipa pole. Wananiambia, "Pole, Mama Somoe, mtoto amekuangusha." Nami siku ishirini nimeipokea pole hiyo nikasema asante. Kila ninapoitwa jina langu ni wewe unayeitwa, na kila ninapoitika ni mimi ninayekusingizia upya.

Haya ya mwisho nayaongeza kwenye barua yako tu: leo asubuhi nilipogongomea nakala mlangoni, nyundo ilinipata kidole. Kufikia saa sita karibu wote walikuwa wameshaisoma au kusomewa. Bi Rukia amepita uani kwangu bila salamu. Mwingine amesema kwa sauti nisikie, "Kumbe daktari wa mabibo tunaye!" Sawa. Wana haki. Lakini karatasi haina uso, Somoe. Nilikuchafua kwa mdomo wangu mbele ya watu, nataka nikusafishe kwa mdomo huo huo mbele ya watu hao hao, na wewe ukiwa umesimama pale wakutazame wanaponisikia. Sikuombi unisamehe kwanza. Hilo chukua muda wako, hata ukikataa utabaki wangu. Nakuomba uje. Usipokuja nitasema vilevile, lakini mbuzi wataondoka, na mimi sina elimu ya kuwazuia. Aliyejenga ni wewe. Mimi nilikuwa mpiga tarumbeta tu.

Kama unaona huwezi kulala nyumbani kwangu, Bi Rukia mwenyewe, pamoja na hasira zake, ametuma mtu kusema kitanda kwake kipo. Njoo na mama yako mdogo, nimeshamwambia. Mwalimu mmoja wa wale wanaokuja na chupa atakuwepo, fundi atakuwepo, bwana mifugo ameahidi kupanda, na wanawake wote wanane. Nimewaita wote bandani Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.

Aliyekuzaa na kukukosea,
Mama yako