Reli Isiyo na Mwanya

Kisangani, Mangobo

Papa yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote, macho yanaendeleaje? Ile dawa ya matone unaitia kila siku, au unaificha nyuma ya mtungi na kumwambia shangazi imekwisha? Na kifua je? Mvua zimeiacha nyumba salama? Huku kwa mjomba, Tonton Shabani, tuko wazima. Watoto wamepona malaria, na mimi nakula lituma, ndizi zao za kupondwa, mpaka nguo zinanibana. Usiulize kama nasali. Nasali.

Shangazi Mwajuma, wewe unayemsomea Papa barua hii, nina ombi kwako: usiruke mstari. Nakujua, ukifika pabaya unakohoa, kisha unahamia ukurasa wa pili. Leo soma yote, hata ukiona uso wake unabadilika.

Papa, ujumbe wako ulinifikia kwa mkono wa yule mfanyabiashara wa chumvi aliyeshuka mto kutoka Kindu. Umesema macho yamekataa kazi, meza ya usonara inanisubiri, na nisipokuwa nimerudi kabla ya Ramadhani utampa Ramazani, mtoto wa marehemu baba mkubwa, vyombo vyote. Umeniuliza jambo moja tu, narudi au sirudi. Nitakujibu. Lakini nikikujibu sasa hivi hutanielewa, kwa kuwa unayoyajua kuhusu kazi yangu umeyasikia kwa watu, na watu wamekuambia binti yako anamtengenezea mzee mmoja vitreni vya kuchezea.

Mzee huyo anaitwa Papa Athanase. Alikuwa mkuu wa stesheni ng'ambo ya mto, pale reli ya Ubundu inapoanzia. Siku hizi anakaa Kabondo na mkewe, na chumba chake cha uani, chenye paa la mabati, amekijaza mbao ndefu zilizosimamishwa kama meza. Juu ya mbao hizo anaijenga stesheni yake ndogo kama ilivyokuwa siku za kazi: bohari, tangi la maji, gati, na njia inayoingia msituni. Mwanawe Dieudonné, anayeishi Ulaya, alimletea treni ndogo pamoja na reli za dukani. Treni mzee aliipenda. Reli alizitazama kidogo tu, akazirudisha ndani ya boksi. Alisema ni nene mno kwa treni ile, na mataruma yake, yaani zile mbao zinazolazwa chini ya reli, yamebanana kama meno. Yeye alitaka kila kitu kipungue kwa kadiri moja, unene, upana, nafasi, mpaka vichwa vya misumari. Reli ya namna hiyo huipati dukani. Inatengenezwa kwa mkono, taruma kwa taruma.

Ndipo akafika sokoni, kwenye meza ya usonara ya Tonton ninapofanya kazi. Alitoa mfukoni vipande viwili vya reli, vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, akaviweka mbele yangu.

— Mama, weye unaweza kushikamanisha hii na ingine, bila moto kuharibisha?

Nilicheka. Mtu aliyelehemu pete za harusi za nusu ya Kindu anaulizwa swali kama hilo! Nilimwambia aniachie, arudi kesho yake. Aliporudi alikiangalia kile kiungo kwa miwani, kisha bila miwani, kisha akakipitisha kwenye ncha ya ulimi. Hakukiona. Siku ileile alimwomba Tonton ruhusa niwe nakwenda kwake asubuhi, na Tonton, ambaye mezani kwake wateja wamekuwa wachache, alikubali bila kubisha.

Papa, wewe ungeipenda kazi ile, hata kama ungeicheka kwanza. Mataruma niliyakata kwa mbao za lifaki, nikayapaka oili chafu ya pikipiki yakapata ile rangi ya kazi nzee. Misumari niliitengeneza kwa waya wa shaba nyeupe, kila mmoja na kichwa chake. Kipimo cha upana wa njia nilikichonga mwenyewe, kibati chenye mapengo mawili ambamo reli zote mbili zinakaa kwa wakati mmoja, kwa sababu upana ukipungua hata unene wa ukucha, gurudumu linapanda juu na behewa linaanguka. Kigumu kuliko vyote ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Reli inasuguliwa kwa tupa mpaka ncha yake inakuwa kali kama kisu, ilale ubavuni mwa mwenzake bila kugonga. Niliharibu nyingi. Nilikuwa narudi nyumbani kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli ya watu, na mikono yangu bado inasugua hewani. Dereva mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini niliyojivunia kuliko yote ni viungo. Wewe ulinifundisha kwamba kiungo kinachoonekana ni kazi ambayo haijakwisha. Basi nilivifunga vyote. Kila mahali kipande kimoja kilipokutana na kingine, nililehemu, nikasugua, nikang'arisha, mpaka reli ikaenda kutoka bohari hadi ukutani kama uzi mmoja. Papa Athanase alipiga makofi.

— Ah non, Zaina! Iko reli moja tu! Haionekane fasi umeunga!

Treni tuliijaribu mara nyingi, kila mara asubuhi, mvua ikinyesha au ndiyo kwanza imekatika. Ilipita kimya, laini, kama inateleza kwenye mafuta. Mama Athanase alikuwa anaacha mboga yake ya sombe jikoni aje atazame.

Dieudonné alipokuja likizo, mzee aliamua kuwaita watu. Aliita majirani, watu wa kanisa, na wazee wachache aliofanya nao kazi. Walifika baada ya misa ya Jumapili, wamevaa vizuri, wakajipanga ukutani. Siku hiyo mvua haikunyesha. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, na chini ya mabati yale pakawa kama ndani ya chungu. Wamama walikuwa wanajipepea kwa vitambaa. Mimi nilikuwa nimefunga kilemba kipya. Nakuambia na hilo ili ujue nilivyokuwa nimejiandaa kusifiwa.

Treni iliondoka bohari vizuri. Ilipita gati, ikapita tangi la maji, watu wakaanza kuimba. Halafu nikaona reli mbele yake imeinuka. Sikuelewa nilichokiona. Ilikuwa imejitoa kwenye misumari na kujipinda, kama nyoka aliyekanyagwa, mahali ambapo asubuhi yake nilikuwa nimepapangusa kwa kidole changu mwenyewe. Nilipaza sauti, lakini mzee alidhani nashangilia. Kichwa cha treni kilipanda pale, kikageuka, kikaanguka sakafuni kwenye simenti, na mabehewa yakakifuata. Kilivunjika, Papa. Magurudumu yaliviringika mpaka miguuni pa watu. Mtu mmoja alicheka.

Dieudonné hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

— Papa, nilikuambia tafuta mutu wa métier, fundi wa kweli. Huyu iko bijoutière, sonara. Anajua bintu bya shingo na bya bidole.

— Dieudonné, funga kinywa, alisema mama yake. Mutoto ya batu alitumika na roho yake yote.

Papa Athanase alikuwa ameinama juu ya reli. Aliishika, akautoa mkono haraka, akaniita.

— Gusa. Iko moto. Unaona? Jua ikipiga, chuma inapanuka, inatafuta fasi. Reli ya kweli iko na kafasi kadogo pa kila kiungo. Njo maana treni inasema tak-tak, tak-tak. Hii yetu haikukuwa inasema. Miye nilisikia kama kuna kitu inakosa, nikawaza ni masikio ya uzee. Miye chef de gare mzima! Kosa si yako, Zaina. Ni ya sisi wawili.

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Nilitamani angenitukana. Maana yeye alisahau, lakini mimi nilijivuna, na vitu hivyo viwili havifanani. Nilikuwa nimeziba kila pumzi ya ile reli nikaita ufundi. Sonara haachi mwanya, Papa. Sonara akiona mwanya anaona aibu. Hata siku moja haikunijia kwamba kuna kazi ambayo ubora wake ni kuacha mwanya.

Baada ya hapo sikwenda tena Kabondo. Nilikaa kwenye meza ya Tonton, nikatengeneza vikuku, nikakunja uso kwa wateja. Ujumbe wako ulifika katika siku hizo. Nitakuambia ukweli: nilifurahi. Nilisema, Mungu amenifungulia mlango, Papa ananiita, hakuna atakayesema nimekimbia. Nilikunja nguo. Vyombo vyangu nikavifunga kwenye mfuko. Tonton alikwisha kunitafutia pikipiki ya kunifikisha Ubundu, na kutoka hapo boti ya kupanda mto.

Niliona ni vibaya kuondoka bila kuaga. Nilimkuta Papa Athanase uani, amekaa peke yake, Dieudonné ameshasafiri. Nilimweleza kwamba unaniita. Hakubembeleza.

— Papa yako anakuita? Bon, basi enda. Reli si mutu. Haitakufa na njaa.

Niliomba kuingia chumbani kidogo tu. Alikuwa ameifunika njia yote kwa kitenge cha mkewe. Nikakifunua. Reli ilikuwa bado imejikunja palepale, na jua lilikuwa juu ya mabati. Nilitoa msumeno mwembamba, ule wa kukatia dhahabu, nikatafuta kiungo cha karibu. Nilikipata kwa ukucha, kwa macho nisingeweza, nilikuwa nimekificha vizuri mno. Nikaanza kukata. Na mkono ukatetemeka. Niliusimamisha, nikapumua, nikaanza tena, ukatetemeka tena. Meno ya msumeno yalipotokea upande wa pili, reli ililegea na kushuka kidogo, na nilisikia sauti yake ndogo ilipokuwa inakaa mahali pake. Nikahamia kiungo kingine. Niliendelea hivyo mpaka Mama Athanase alipokuja kuniambia chakula kinapoa, na pikipiki ya Ubundu ilikuwa imekwenda zamani.

Papa, tangu nikiwa mdogo nimekaa mezani kwako, na mkono wangu haujawahi kutetemeka juu ya dhahabu. Watu walikuwa wanakusifu: tazama mkono wa binti yako, umetulia kama wa malaika. Sasa najua kwa nini ulitulia. Nilikuwa sijali. Dhahabu ikiharibika inayeyushwa, inaanzwa upya. Ikitoka vizuri, inaondoka na shingo ya mtu, na mimi nasahau kabla hajafika barabarani. Nilikuwa nafanya vizuri kwa sababu wewe unatazama. Nimeogopa kazi kwa mara ya kwanza kwenye kile chumba cha mabati, na sitaki kuiacha kazi ninayoiogopa namna hii.

Kwa hiyo sirudi, Papa. Mpe Ramazani meza. Pete zake zinapinda, lakini anapenda dhahabu kweli, nimemwona akiitazama. Mwenye macho mabovu anahitaji mtu anayependa, akae karibu naye amwambie anachokiona. Mimi ningekaa pale nikikudanganya kila siku kwa mikono mizuri.

Sikwambii kwamba mambo yangu ni mazuri huku. Tonton ananuna, hasemi nami isipokuwa kunituma. Dieudonné ametuma ujumbe kwamba hatanunua treni nyingine kwa ajili ya mchezo wa mama fulani, kwa hiyo tunaitengeneza njia ambayo hatuna cha kupitisha juu yake. Kile kichwa kilichovunjika nimekichukua, nimekifungua, vipande viko kwenye bakuli chini ya kitanda. Sijui kama nitaweza. Papa Athanase naye amekonda, na sipendi kikohozi chake. Nalia mara nyingine, na wewe umo katika kilio hicho, maana najua wakati huu umekaa kwenye kigoda chako unapapasa koleo na tupa zilizo zako, na mtu uliyemtegemea ndiye mimi.

Nitakuja Idi nikuone. Ukinifungulia mlango nitaingia, usiponifungulia nitakaa barazani kwa shangazi.

Msalimie Ramazani, na umwambie asikaze moto haraka. Msalimie bibi yangu, aliyenilea nilipokosa mama. Mwambie bado nafunga kilemba alivyonionyesha. Msalimie mwalimu wa madrasa, jirani yetu, pamoja na mkewe. Na wewe Shangazi Mwajuma, asante kama umefika hapa bila kukohoa.

Papa, wewe ukikasirika huongei. Nakumbuka Mama alikuwa anasema angependa umpige kuliko umnyamazie. Usininyamazie. Ukiwa na hasira, mwambie shangazi aandike hasira yote kama ilivyo, na matusi yake, aitume kwa mtu wa kwanza anayeshuka mto. Nitaisoma. Nitaisoma hata mara nyingi, mradi ni sauti yako.

Binti yako,
Zaina